Diwali ya Mandvi, Mahali Ambapo Taa Huwashiwa Daftari

Msafiri anayetaka kuiona Diwali nchini India hushauriwa kwanza aende Varanasi, Ayodhya au Jaipur, na ushauri huo hauna kasoro, kwa kuwa miji hiyo hupambwa kwa taa kiasi cha kumfanya mgeni asijue atazame wapi. Mimi niliamua kwenda Mandvi, mji mdogo wa bandari ulioko wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat, pale Mto Rukmavati unapoingia katika Ghuba ya Kutch. Nimezaliwa Unguja, na nimekua nikiona taa ndogo zikiwashwa kila mwaka kwenye vizingiti vya baadhi ya nyumba za Mji Mkongwe, hivyo nilitaka kuishuhudia sikukuu hiyo katika nchi walikotoka wengi wa waliotuletea. Nimerudi nikiwa na yakini kwamba Diwali ya mji wa wafanyabiashara na mabaharia haieleweki kwa kuzitazama taa tu. Inapasa kuangalia pia kile kinachomulikwa nazo, na Mandvi kinachomulikwa kabla ya vingine ni daftari la hesabu.

Diwali hufuata mwezi mwandamo, kwa hiyo huangukia kati ya nusu ya Oktoba na nusu ya Novemba, na usiku wake mkuu ni ule ambao mwezi hauonekani kabisa. Mwaka 2023, nilipokwenda, usiku huo ulikuwa wa Jumapili, tarehe 12 Novemba. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyerejea nyumbani baada ya kuishi uhamishoni miaka 14 na kumshinda Ravana, mfalme wa Lanka, naye akapokewa na raia waliomwashia taa. Wajaini, ambao ni wengi huko Kutch, huuadhimisha usiku huohuo kwa kuwa ndio ambao Mahavira, mwalimu wao mkuu, alifikia ukombozi. Kwa wafanyabiashara wa Gujarat, usiku huo ni wa Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, na ndio pia usiku wa kufunga mwaka wa hesabu, kwa sababu mwaka mpya wa Kigujarati, unaohesabiwa kwa kalenda ya Vikram Samvat, huanza mara baada yake. Watu wa Kutch wana mwaka wao mpya mwingine, Ashadhi Bij, unaoadhimishwa katikati ya mwaka wakati wa kuanza kwa mvua. Hata hivyo vitabu vya biashara wanavifunga Diwali, na jambo hilo lina uhusiano na upepo, kama nitakavyoeleza.

Mandvi ilianzishwa katika karne ya 16 na Rao Khengarji wa Kwanza, mtawala wa Kutch. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba za zamani zina roshani za mbao zilizochongwa, na milango yake itamsimamisha mtu yeyote aliyelelewa Mji Mkongwe, kwa kuwa ni ileile yenye fremu ya mraba na mbao zinazokunjwa vipande vipande, ambayo kwetu huonekana katika mitaa ya maduka. Nilikaa kwa familia ya muuza nguo, na mama mzazi wa mwenye nyumba niliambiwa nimwite Ba, kama wanavyomwita wote nyumbani mle. Yeye aliniita ben, yaani dada, akiunganisha na jina langu, na tangu siku ya kwanza akanipa kazi ya kufanya badala ya kuniacha nikae kama mgeni.

Siku ya Dhanteras, ambayo ndiyo hufungua sikukuu, kazi yenyewe ilikuwa kusokota tambi za pamba. Nyumba ilikuwa imekwisha safishwa kwa siku nyingi, sufuria zote zimesuguliwa, kuta zimepakwa chokaa, na vitu vilivyovunjika vimetolewa nje, maana husemwa kwamba Lakshmi haingii katika nyumba chafu. Jioni tulikwenda mtaa wa masonara, ambako watu walisongamana kununua dhahabu na fedha, na aliyekosa uwezo wa kununua dhahabu alinunua kijiko au bakuli la chuma, kwa kuwa siku hiyo inatakiwa kiingie nyumbani kitu kipya cha madini. Familia yangu ilinunua sarafu ya fedha yenye sura ya Lakshmi.

Taa zenyewe, ziitwazo diva, ni visahani vya udongo vinavyotosha katika kiganja, hutiwa mafuta au samli na kuwekwa utambi mmoja. Miongoni mwa wafinyanzi wa Kutch wapo Waislamu wengi, hasa upande wa Khavda, na jambo hilo lilinigusa mimi niliye Mwislamu kuliko maelezo yoyote marefu kuhusu kuishi pamoja. Taa hazipangwi kwa kupendeza macho tu. Moja huwekwa kwenye kizingiti, nyingine kando ya mche wa tulsi, ambao ni jamii ya mrehani, na nyingine pale yanapowekwa maji ya kunywa, kwa sababu katika nchi kame kama Kutch mtungi wa maji hauwezi kusahaulika. Mbele ya kila mlango wanawake huchora rangoli, michoro ya unga wa rangi inayochukua saa kadhaa na kufutika kwa nyayo za wageni. Mkwe wa Ba alichora ua la yungiyungi, ambalo ndilo kiti cha Lakshmi, akaanzia katikati na kwenda nje bila kuinua kichwa, na watoto walioleta fujo walifukuzwa kwa kuangaliwa tu.

Siku ya pili, Kali Chaudas, haizungumzwi sana na wasafiri, nami naiona kuwa ni miongoni mwa siku zenye maana kubwa zaidi. Ba alikaanga vada, maandazi madogo ya kunde, akayaweka katika sahani pamoja na kikombe cha maji, kisha akanichukua tukaenda mpaka njia panda. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa uzito wa njia panda. Pale akazungushia maji kwa duara, akaviacha vyakula katikati, nasi tukarudi bila kugeuka nyuma. Aliniambia kwamba yanayoachwa pale ni magomvi ya nyumbani, maneno yote ya uchungu yaliyosemwa tangu Diwali iliyopita, ili mwaka mpya usiyakute ndani. Mkwe wake, ambaye asubuhi ile walikuwa wamebishana kidogo kuhusu samli, alikuwa amesimama mlangoni akitungoja, na Ba alipofika alimshika bega wakaingia pamoja. Sikumwuliza zaidi, kwa kuwa niliona desturi ikifanya kazi iliyowekewa.

Usiku wa Diwali nilialikwa dukani. Ibada ya siku hiyo huitwa chopda pujan, ibada ya madaftari, na saa yake hupangwa na kuhani kwa kufuata kalenda ya nyota. Duka lilikuwa limefungwa kwa wateja, magodoro meupe yametandikwa sakafuni, mlango umevikwa koja la majani mabichi na maua ya rangi ya chungwa, na harufu ya ubani imejaa. Mbele ya picha za miungu Lakshmi, Ganesh na Saraswati yaliwekwa madaftari mapya yenye jalada la kitambaa chekundu, marefu na membamba, ya aina ambayo wazee wengi wa Unguja watakumbuka kuyaona juu ya meza za wenye maduka. Katika ukurasa wa kwanza mwenye duka aliandika neno Shri, jina jingine la Lakshmi, mara moja, chini yake mara mbili, kisha mara tatu, hadi maneno yakawa na umbo la mlima, na pembeni akaandika maneno ya kuomba heri na faida. Alichora pia swastika kwa unga mwekundu, ambayo kwa Wahindu na Wajaini ni alama ya kale ya baraka. Juu ya ukurasa likawekwa jani la tambuu, popoo na sarafu, na kuhani akasoma huku wanaume wa familia, wake zao na watoto wakinyunyiza mchele na maua. Kompyuta ya duka nayo ilipakwa tone jekundu na kuwekwa pamoja na madaftari, na hakuna aliyeona ajabu. Hata soko la hisa la Mumbai hufunguliwa kwa takriban saa moja siku ya Diwali, desturi inayofuatwa na soko hilo tangu mwaka 1957, ili mawakala wafanye biashara ya kwanza ya mwaka katika saa ya heri.

Mimi sikushiriki ibada, na nililieleza hilo mapema kwa heshima. Mwenye duka alinijibu kwamba niketi karibu ili nione vizuri. Nilichokiona ni watu wanaoamini kwamba hesabu ni jambo la kusimama nalo mbele ya Mungu. Daftari la zamani haliwezi kufungwa kabla ya madeni kupitiwa, na kwa siku kadhaa kabla ya Diwali nilikuwa nimewaona watu wakiingia dukani kulipa, kuomba nyongeza ya muda au kukubaliana upya. Mgeni anayefika jioni ya taa na kuondoka asubuhi yake haoni mchakato huu, na hivyo anaondoka akidhani kwamba Lakshmi ni mungu wa kuombwa fedha tu, ilhali anaombwa na watu ambao wamekwisha kukaa chini na kuhesabu wanachodaiwa.

Sasa nirudi kwenye upepo. Wakati wa mvua za katikati ya mwaka bahari ya Kutch huchafuka, na majahazi ya tanga yalilazimika kukaa bandarini. Diwali inapofika mvua zimekwisha, na wiki chache baadaye huanza kuvuma kaskazi, upepo uleule uliowaleta kwetu mabaharia wa Kutch, Ghuba ya Uajemi na Arabuni. Kwa hiyo daftari lilifungwa na jingine likafunguliwa wakati hasa ambapo chombo kilikuwa kikipakia nguo za pamba kuelekea Unguja na Mombasa, na mzigo wa kwanza kuandikwa katika kurasa nyekundu ungeweza kuwa wa kwetu. Waliporudi kwa upepo wa kusi walileta pembe za ndovu, karafuu na sandarusi. Wafanyabiashara wa Kihindu wa zama hizo kwa kawaida hawakusafiri na wake zao, na kwa hiyo katika nyumba nyingi za Kutch Diwali haikukosa kuwa pia sikukuu ya kuagana. Nilipokuwa nikizitazama taa za vizingitini niliwawaza wanawake waliokuwa wakiziwasha wakijua kwamba mwaka utakaofuata huenda wakaziwasha peke yao.

Katika madaftari hayo historia yetu imo kwa uzito mkubwa. Forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19 ilikodishwa na masultani kwa kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa kabila la Bhatia kutoka Kutch, na Ladha Damji aliiendesha kwa niaba ya kampuni hiyo. Tharia Topan, aliyetoka pia Kutch ingawa yeye alikuwa Mwismailia, alimkopesha Tippu Tip mtaji wa misafara ya bara. Misafara hiyo ilinunua pembe na ilichukua pia watu, na mtaji uliotoka katika madaftari yaliyobarikiwa kwa tambuu na popoo uliingia katika biashara hiyo, hadi soko la watumwa la Unguja lilipofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873 chini ya Sultan Barghash. Pwani tuna methali isemayo kwamba Baniani ni mbaya lakini kiatu chake ni dawa. Methali hiyo inabeba ukali ambao leo sipendi kuutumia kwa majirani zetu, lakini inabeba pia kumbukumbu ya watu waliokuwa upande wa pili wa daftari, waliohitaji mkopo na kumwogopa mkopeshaji. Nilimweleza haya mwenye duka baada ya chakula cha usiku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba babu wa babu yake alifia Unguja na kwamba yeye hajui aliacha deni gani, wala anadaiwa nini na watu wa huko. Niliheshimu jibu hilo kwa sababu halikutafuta njia ya kupunguza jambo.

Nje fataki zilikuwa zikilia mfululizo, na hapa nitasema wazi kwamba fataki ndizo sehemu ya Diwali nisiyoipenda. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu ziwashwe usiku wa Diwali kati ya saa mbili na saa nne tu, lakini usiku ule zilisikika mpaka usiku wa manane, moshi ukakaa vichochoroni hadi asubuhi, na mbwa wa mtaani wakajificha chini ya magari. Ba naye hazipendi. Anasema wakati wa utoto wake usiku huo ulikuwa wa kuonekana zaidi kuliko wa kusikika.

Kwa hesabu za mwezi, mwaka ule mwaka mpya haukuanza siku iliyofuata, bali ilikuwapo siku moja ya katikati ambayo Wagujarati huiita dhoko, siku isiyo ya mwaka wa zamani wala wa mpya, na shughuli za maana haziangukii humo. Nilitumia nafasi hiyo kutembea kingo za Rukmavati, ambako majahazi ya mbao yanaundwa kwa mikono hadi leo, kazi iliyodumu hapo kwa takriban miaka 400. Chombo kimoja huchukua miaka kadhaa kukamilika, na vingi siku hizi huwekwa injini na kubeba mizigo kwenda nchi za Ghuba na Somalia. Siku ile mafundi hawakuwapo, na mbavu za majahazi zilisimama zikiwa zimefungwa maua.

Mwaka mpya, Bestu Varas, uliingia Jumanne tarehe 14 Novemba, nao ulikuwa mwaka 2080 wa Vikram Samvat. Kabla ya mapambazuko vijana walipita mitaani wakinadi sabras, yaani chumvi, na kila nyumba ikanunua kidogo kwa kuwa chumvi ni heri ya kwanza kuingia mwakani. Kisha wote walivaa nguo mpya, wadogo wakainama kugusa miguu ya wakubwa na kupewa fedha, na kuanzia hapo milango haikufungwa. Salamu ni Saal Mubarak, na kila mlango una sinia ya vitafunio na vitamutamu, yaani mathiya, ghughra na mohanthal, ambayo mgeni hawezi kuikwepa. Tulizunguka kwa majirani, Wahindu, Wajaini na Waislamu, tukikaa dakika chache kila nyumba, na nikaielewa kwa urahisi, kwa kuwa ndivyo tunavyozunguka sisi siku ya Idi.

Mchana tulikwenda Bhuj, mwendo wa kilomita 60 hivi, katika hekalu la Swaminarayan, mojawapo ya madhehebu ya Kihindu. Hekalu la zamani liliharibiwa na tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001, lililoua watu wapatao 20,000, na jipya la marumaru lilifunguliwa mwaka 2010, likichangiwa kwa kiasi kikubwa na watu wa Kutch walioko Uingereza na Afrika Mashariki. Siku hiyo mbele ya sanamu hupangwa annakut, mlima wa vyakula, ngazi kwa ngazi hadi juu, vyote visivyo na nyama, kitunguu wala kitunguu saumu, na baadaye hugawiwa kwa waumini na wageni. Wanawake na wanaume hukaa mbalimbali. Nilipokuwa uani nikivaa viatu, mzee mmoja aliyevaa kilemba alilitazama kanga langu, akanisogelea na kuniambia, “Karibu, mwanangu. Umetoka pwani ipi?” Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitikia marahaba bila kusita. Alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe huko Mombasa na baadaye Nairobi kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kama walivyokuwa wengi wa jamii ya Wapatel wa vijiji vya pembezoni mwa Bhuj, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa kabisa. Aliniambia kwamba Kenya sheria inaitambua Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa Wahindu, na kwamba huko ndiko watoto wake walikowasha taa zao za kwanza. Aliuliza bei ya samaki Kongowea, nami sikuwa na jibu, lakini tulizungumza mpaka wenzangu wakaja kunitafuta.

Bhai Bij, siku ya kaka kula chakula nyumbani kwa dada yake aliyeolewa, ilipita kwa utulivu. Siku ya tano ya mwaka, Labh Pancham, maduka yalifunguliwa rasmi, na mwenye duka akaandika mauzo ya kwanza katika daftari jekundu.

Atakayependa kwenda kutoka Afrika Mashariki apitie Mumbai, kisha achukue treni au ndege hadi Bhuj na kumalizia kwa barabara. Afike kabla ya Dhanteras na asiondoke kabla ya Labh Pancham. Atafute malazi miezi kadhaa mapema, kwa kuwa watu wa Kutch waishio Mumbai, London na Nairobi hurudi nyumbani kipindi hicho, na akipata familia ya kumpokea ni bora zaidi, maana baada ya mwaka mpya maduka na migahawa mingi hufungwa kwa siku kadhaa. Asiende mikono mitupu. Zawadi zinazofaa ni vitamutamu au njugu na matunda makavu, visiwe na mayai wala mafuta ya mnyama. Mimi nilipeleka korosho za Mtwara zilizobanguliwa nyumbani, na Ba aliziweka katika sinia ya mwaka mpya, akimweleza kila aliyeingia zimetoka wapi.